Barua ya wazi kwa wasimamizi wa usafiri: gari iliyoandikwa Mlandizi ifike Mlandizi

Kwenu Waheshimiwa mnaotoa leseni za daladala na kupanga ruti na nauli, pamoja na wenzenu wa usalama barabarani wa pande zote mbili, Dar es Salaam na Pwani,

Salaam nyingi na heshima zenu.

YAH: KUKATISHWA RUTI, NAULI ZA JIONI, NA WATOTO WA SHULE KUACHWA VITUONI, BARABARA YA MOROGORO KUANZIA MBEZI MPAKA MLANDIZI

Naandika hadharani kwa sababu kwingine kote nimeshapita. Simu ya bure nimepiga, nikaambiwa nitaje namba za gari, nikataja, nikaambiwa itafanyiwa kazi. Ofisini nimeenda na barua nimeacha, ikagongwa muhuri wa kupokelewa na mpaka leo jibu hamna. Trafiki nilishamweleza palepale kituoni gari ikiwa mbele yetu, akasema mambo ya ruti sio yake, yeye anaangalia usalama. Wenzangu tunaosimama nao kituo kimoja nao wamehangaika hivyohivyo na wamepewa majibu yaleyale. Kwahiyo naomba msione kwamba nawavunjia heshima kwa kuyaweka haya mbele ya watu, sisi tunaopanda hizi gari asubuhi na jioni hatuna tena mlango mwingine wa kubisha.

Mimi nakaa Kongowe, Kongowe ya Kibaha sio ile ya kule Mbagala, na kazi yangu iko mjini. Tuko wengi sana wa aina hii. Viwanja vya Dar vilitushinda bei tukaja huku Pwani kujenga taratibu, kibarua kikabaki kulekule, kwahiyo maisha yetu yote yanapita juu ya hii barabara: Mbezi Mwisho, Luguruni, Kibamba, Kiluvya, Maili Moja, Picha ya Ndege, Kongowe, Visiga, Mlandizi. Mwendokasi ilipoanza Mei 2016 tulifurahi na sisi, ila njia yake ikaishia Kimara. Februari 2021 ikafunguliwa stendi kubwa ya Magufuli pale Mbezi na mabasi ya mikoani yakahamia, watu wakazidi. Barabara yenyewe Kimara mpaka Kibaha imetanuliwa, njia nane, hapo serikali imefanya kazi na nashukuru kwa moyo mweupe kabisa maana nakumbuka ilivyokuwa. Sasa barabara ipo, magari yapo, abiria tupo na nauli tunayo mkononi, na bado mtu akitoka kazini saa kumi na moja hajui kama atafika kwake saa moja au saa nne usiku. Hilo ndo lililonifanya nikae niandike.

Malalamiko yangu haya hapa.

1. Kukatisha ruti

Hili ndo kubwa kuliko yote na mengine mengi yanatokea humu.

Gari imeandikwa ubavuni mwanzo na mwisho wa safari na ina mstari wake wa rangi unaoitambulisha, ninyi wenyewe ndo mliiruhusu kwa ruti hiyo. Asubuhi na mchana inafika vizuri. Ikifika saa kumi na moja jioni pale Mbezi, gari ileile konda anaita "Kibamba Kibamba, Kiluvya mwisho!" Ukimuuliza mbona imeandikwa Mlandizi anakujibu kama unaenda panda kama huendi pisha wenzio. Unapanda, utafanyaje. Kiluvya mnashushwa wote mnaanza upya kugombania gari nyingine, nayo inaita Maili Moja tu. Maili Moja unashuka tena. Safari ya gari moja inakuwa ya gari tatu, na nauli tatu.

Kuna na hii ya kufaulishwa. Naielezea kwa kirefu kidogo kwasababu nadhani kwenye makaratasi yenu haionekani. Mnakuwa mmepanda gari ya Mlandizi kwelikweli, mmeshalipa nauli nzima ya Mlandizi, mkifika Maili Moja dereva anaingia pembeni, konda anagonga bodi anasema "wakubwa gari ina hitilafu, tunawafaulisha". Inakuja Hiace, konda wetu anamfuata konda mwenzake wanaongea wawili pembeni, anahesabu noti alizozikunja kwa urefu katikati ya vidole anampa kiasi. Mnahamia, mnabanana. Mkifika mbele kidogo konda mpya anaanza kukusanya. Tumeshalipa! Anasema mwenzangu kanipa hela ya kuwafikisha Picha ya Ndege tu, anayeenda mbele aongeze mia tano. Wamama wanapiga kelele, wengine wanatoa, asiyekuwa nayo anashushwa Kwa Mfipa gizani. Na wakati yote hayo yanatokea ile gari yenye "hitilafu" imeshageuza upande wa pili wa barabara na konda ananing'inia mlangoni anaita Mbezi Mbezi Mbezi.

Kwanini wanafanya hivi? Hesabu yake nyepesi na iko kwenye viwango vyenu wenyewe. Desemba 2023 nauli zilipobadilishwa, daladala ya kilomita 10 za kwanza ilitoka 500 ikawa 600, na ruti ya kilomita 11 mpaka 15 ikatoka 550 ikawa 700. Maana yake ruti ya kilomita 15 ikienda nzima konda anapata 700 kwa kichwa. Akiikata katikati anapata 600 huku na 600 kule, 1,200, barabara ileile na mafuta yaleyale. Sasa fikiria ruti ndefu kama ya kwetu, vipande vitatu. Kadri mtu anavyokaa mbali ndivyo anavyoumizwa, na anayekaa mbali mara nyingi ndo huyo ambaye hakuwa na uwezo wa kukaa karibu. Viwango vilipangwa hivyo ili mtu wa mbali apate nafuu kwa kilomita, ni mpango mzuri, ila nafuu hiyo yote inaliwa na mtu aliyesimama mlangoni.

2. Nauli ya jioni, nauli ya mvua

Kiwango kimoja asubuhi, kingine saa kumi na mbili jioni, na wingu likifunga tu kinakuja cha tatu. Buku, buku jero, inategemea na watu walivyojaa kituoni. Nauli halali imebandikwa mlangoni, kuna gari imebandikwa na mkono wa konda unakuwa umeifunika kabisa. Tunaambiwa mafuta yamepanda. Jamani, bei kikomo za mafuta zinatangazwa mara moja kwa mwezi, Jumatano ya kwanza, nchi nzima inasikia. Mafuta hayawezi kupanda kati ya saa nane mchana na saa kumi na mbili jioni ya siku hiyohiyo.

Kuna mama mmoja huwa tunapanda naye, anafanya usafi kwenye jengo la maofisi huko mjini. Nauli anaiweka kwenye kitambaa imehesabiwa kabisa tangu nyumbani, ya kwenda na kurudi. Hana nyingine. Siku nauli ikipandishwa anabaki pale Mbezi anasubiri watu wapungue ishuke, na ikishuka ni saa tatu usiku. Watoto wake wanalala hawajamuona. Tukiongelea ongezeko la mia tano tunaweza kuona ni dogo, kwake ni kitu kinachomuweka kituoni masaa matatu.

3. Wanafunzi

Hapa naomba mnisome taratibu.

Mtoto wa shule nauli yake ni 200. Konda anafanya hesabu: siti ya mtu mzima kwa kilomita zilezile za kwanza ni 600, kwahiyo anahitaji watoto watatu kwenye nafasi ya mtu mmoja. Anachofanya ni kuwazuia mlangoni kwa mkono. "Mwanafunzi mmoja tu, wewe shuka, wewe nani kakwambia upande." Nimeshuhudia mtoto wa darasa la pili au la tatu, begi limemzidi mgongo, amedandia ngazi ya kwanza na gari inaondoka, konda anamtoa kwa kumsukuma begi. Alianguka kwa magoti kwenye kokoto. Watu wazima tuliokuwemo tulipiga kelele, dereva akaongeza mwendo. Mwanamke mmoja aliyekuwa kituoni ndo alimuinua akamfuta na kanga.

Wakipanda nao hawakai. Hata siti ikiwa wazi wanaambiwa wasimame, "mwanafunzi simama mpishe anko akae", na baadhi yetu abiria tunakaa kweli, hapa nasema na sisi abiria pia, mtu mzima unakaa huku mtoto aliyeamka saa kumi alfajiri amening'inia kwenye bomba ambalo mkono wake haulifikii.

Jioni ndo balaa. Shule zinatoka saa tisa, saa kumi. Saa moja usiku bado unaona sare vituoni, Kibamba, Kiluvya, Maili Moja, watoto wa kike wa sekondari wanapungia kila gari inayopita. Bodaboda wanaona. "Dogo njoo nikupeleke bure." Sihitaji kuwaeleza lifti hizo zinaishia wapi, nyote mna watoto, na walimu wakuu na maafisa ustawi wanazo hizo kesi. Tunafanya makongamano ya kumlinda mtoto wa kike na wakati huohuo tunamwacha kituoni kwa sababu ya tofauti ya shilingi mia nne.

Na nitasema jambo ambalo wenzangu wengine hawatalipenda: konda peke yake hawezi kubebeshwa mzigo huu. Nauli ya 200 ni uamuzi wa nchi na ni uamuzi mzuri, lakini gharama yake tumeiacha itatuliwe na kijana mmoja na mtoto mmoja wanaosukumana mlangoni. Aliyetoa punguzo atafute namna ya kuziba hilo pengo, iwe kwenye kodi au ada ya leseni au ruzuku, wataalam mnao. Mpaka hapo patakapozibwa, mtoto ataendelea kuonekana hasara.

4. Kujaza

Hili fupi kwasababu kila mtu analijua. Siti zimesogezwa mpaka magoti hayaingii, mtu mrefu anakaa upande upande. Nyuma wanapanga watano. Mbele wanaweka watu juu ya mfuniko wa injini, unaungua mapaja toka Mbezi mpaka Maili Moja, nimeona mjamzito kakalishwa pale. Na bado konda anasema songeni nyuma kuna nafasi. Barabara hii ndo inayopitisha malori na mabasi mengi sana ya mikoani, watu tunajua ajali za hapa zinavyokuwa.

5. Tiketi na chenji

Tiketi hatupewi. Bila tiketi sina ushahidi kwamba nililipia Mlandizi nikashushwa Maili Moja, ni neno langu na la konda, na ofisini kwenu neno langu peke yake limeonekana halitoshi. Chenji nayo: unatoa elfu tano, konda anasema "nitakupa mbele," unashuka anakwambia sina chenji gawaneni na huyu dada, mnaachiwa noti moja watu wawili msiojuana na gari imeondoka.

6. Hesabu ya tajiri

Nimeiweka mwisho kwa makusudi maana naona hapa ndo mzizi ulipo na sijaona mkikaa nao.

Dereva na konda wengi wa barabara hii hawana mshahara. Wana hesabu. Tajiri, yaani mwenye gari, anataka kiasi fulani kila siku, gari ijae isijae, mvua inyeshe isinyeshe, foleni iwepo isiwepo. Mafuta juu yao. Wapiga debe wa kituoni juu yao. Wakikamatwa faini juu yao. Kinachobaki ndo cha kwao, na kisipobaki wanarudi nyumbani mikono mitupu. Hesabu isipofika siku mbili tatu gari anapewa deiwaka, dereva wa kibarua cha siku. Nimeshakaa siti ya mbele na madereva nikaongea nao, ni watu wa kawaida wana familia, mmoja aliniambia, kaka mimi mpaka saa kumi jioni nakuwa natafuta hela ya tajiri, kuanzia saa kumi na moja ndo naanza kutafuta ya watoto wangu. Sasa angalieni ruti zinaanza kukatwa saa ngapi. Saa kumi na moja.

Jambo hili sio geni. Madereva waligoma nchi nzima Aprili na Mei 2015, na kati ya madai yao lilikuwepo la mikataba ya ajira. Miaka imepita mingi na dereva ninayepanda naye leo hana hata karatasi inayoonyesha ameajiriwa na nani. Mnapomkamata mkampiga faini mnamuongezea deni la siku hiyo, na atalilipa kwa kukata ruti zaidi kesho yake. Mwenye gari ambaye leseni ni yake haguswi na hata hajui, au anajua.

Siwatetei. Aliyemsukuma yule mtoto alikuwa na mikono yake na akili yake. Ila nikiulizwa nani ana uwezo wa kulimaliza hili, ni mwenye leseni na aliyempa leseni.

Sasa najua majibu yatakayokuja, mengine nimeshapewa kwa mdomo.

Mtasema abiria toeni taarifa. Tumetoa. Taarifa zinataka namba ya gari, saa, mahali, na mtu ashike simu apige akiwa amebanwa kwenye umati saa moja usiku, halafu hapati mrejesho wowote. Watu wamechoka kutoa taarifa kwa sababu hawajawahi kusikia gari hata moja ya hapa imesimamishwa kwa taarifa yao. Tuonyesheni moja tu na simu zenu zitajaa.

Mtasema magari ni machache kuliko abiria. Inawezekana, lakini gari iliyokatisha Kiluvya ni gari ambayo mliihesabu kwamba inahudumia Mlandizi. Kwenye orodha yenu ruti yetu ina magari ya kutosha. Jioni hayapo. Kabla ya kuongeza mengine hakikisheni haya yaliyopo yanafika.

Mtasema abiria wenyewe mnakubali kulipa na mnaingilia madirishani. Ni kweli watu wanaingilia madirishani pale Mbezi, na nikimuona kijana mwenye nguvu anaingia kupitia dirishani huku bibi amesimama na fimbo roho inaniuma. Ila watu hawaanzi kugombana kwa kupenda. Wakijua gari inayofuata inakuja na itafika, watapanga foleni, mbona kwenye treni wanapanga. Tangu Juni 2024 treni ya SGR inakwenda Morogoro, ile ya kawaida, sio ya haraka, inasimama hata hapa Soga na Ruvu, na Mtanzania huyuhuyu anakaa kwenye siti iliyoandikwa kwenye tiketi yake bila kupigwa kelele na mtu. Tatizo kwetu Soga iko ndani, mpaka uifikie kutoka barabarani ni bodaboda, kwahiyo wengi wetu haitusaidii kwa kazi za kila siku.

Na lipo jibu la mpaka. Ukilalamika upande wa Dar unaambiwa hiyo gari ni ya Pwani, ukienda Pwani unaambiwa kosa limetendeka Dar. Gari haijui mpaka uko Kiluvya. Inaumiza sana kuona abiria anapigwa danadana na ofisi mbili zinazofanya kazi ya serikali moja. Kaeni pamoja muamue nani anaishika barabara hii kutoka Mbezi mpaka Mlandizi, mtutangazie jina la ofisi na namba ya simu moja.

Haya ndo ninayoomba, na nimejitahidi kuomba vitu ambavyo havihitaji bajeti kubwa.

Kwanza ukaguzi uwe jioni. Wakaguzi tunawaona saa nne asubuhi kituoni hakuna watu, wamekaa kivulini. Tunawataka Mbezi Mwisho na Maili Moja kuanzia saa kumi na moja mpaka saa tatu usiku, siku za kazi, na siku za mvua ndo kabisa wasikose.

Pili, daftari. Kila gari ya ruti ndefu ikifika mwisho wa safari isainiwe na msimamizi wa stendi, Mlandizi na Mbezi, saa iliyofika na namba yake. Wiki ikiisha mnaangalia, gari iliyotoka Mbezi jioni na haikufika Mlandizi inaonekana. Hata kalamu na daftari la mia tano vinatosha kuanzia, mfumo wa kompyuta uje baadaye. Ikionekana gari inarudia, anayeitwa ofisini awe mmiliki, na adhabu iwe kwenye leseni yake ya usafirishaji badala ya faini ya papo kwa papo inayotoka mfukoni kwa dereva.

Tatu, tiketi yenye mahali ulipopandia, unaposhukia na kiasi ulicholipa. Gari ikiharibika kweli, maana magari yanaharibika na hilo tunalielewa, konda arudishe nauli ya sehemu iliyobaki mkononi kwa abiria, kila mtu ajitafutie gari yake. Huu utaratibu wa makonda wawili kumalizana wenyewe kwa hela zetu ukomeshwe.

Nne, mmiliki asipewe leseni wala asihuishe bila kuonyesha mikataba ya dereva na konda wake yenye mshahara. Najua wamiliki watalalamika kwamba watafilisika. Waitwe wakae mezani, wasikilizwe, na kama nauli halali hailipi gharama ya kuendesha gari mpaka Mlandizi basi waseme hivyo kwa hesabu zilizo wazi na nauli ijadiliwe mchana kweupe. Mimi niko tayari kulipa nauli iliyoongezwa kihalali nikafika. Nisichokuwa tayari ni kulipa mara tatu.

Tano, watoto. Kuanzia saa tisa mpaka saa kumi na mbili jioni, na alfajiri, pangeni gari maalum kwa zamu kwenye ruti hii zinazobeba wanafunzi kwanza, na zikibeba zipate nafuu fulani, mkikosa la kutoa basi hata msamaha wa ushuru wa stendi kwa siku hiyo. Na konda akionekana amemsukuma mtoto kutoka kwenye gari asipelekwe kwenye faini ya usafiri, hilo ni shambulio, apelekwe polisi kama anavyopelekwa mtu mwingine yeyote.

Nawaomba na kitu kimoja ambacho hakiko kwenye sheria. Njooni mpande. Msije na msafara wala na waandishi wa habari, maana siku mkija hivyo magari yote yatafika Mlandizi na nauli itakuwa halali. Vaeni kawaida, mje Mbezi Mwisho Jumatatu saa kumi na mbili jioni mkiwa na nauli halali mfukoni, kiasi kilekile mlichokitangaza, msizidishe hata mia, mjaribu kufika Mlandizi. Mkifika tuandikieni mlifikaje.

Nasubiri jibu lenu kwa maandishi, na kwa kuwa barua hii ni ya wazi naomba na jibu liwe la wazi, ndani ya siku 30, likitaja ni lipi kati ya haya matano mmelikubali, lini litaanza, na lipi mmelikataa na kwanini. Mkikataa kwa sababu za msingi tutazisikiliza. Mkinyamaza tutaanza wenyewe kuandika daftari la vituoni, namba za gari na saa zilipokatishia, tumeshakubaliana abiria wa Kongowe, Visiga na Mlandizi, na tutakuwa tunalileta ofisini kwenu kila mwisho wa mwezi, nakala kwa wabunge wetu na kwa vyombo vya habari.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Abiria wa kila siku,
Kongowe, Kibaha.

Nakala: madiwani na wabunge wa barabara hii, wamiliki wa daladala za Mbezi na Kibaha, walimu wakuu wa shule zote kuanzia Kibamba mpaka Mlandizi.